Mafunjo ya Capri Point na jini anayepumua

Ukitaka kujua watu wenye hela wana mambo fanya kazi ya bustani Capri Point, hapa Mwanza. Kuna mama mmoja kule nyumba yake imekaa juu ya mawe, ziwa lote unalitazama ukiwa barazani, sasa huyu mama alienda Ulaya kumwona binti yake akarudi na picha kwenye simu, mmea mrefu umesimama kwenye chungu sebuleni kwa watu, huko juu umetimka kama wigi lililopigwa na shoti ya umeme. Akaniambia fundi, nakitaka hiki kwenye bwawa langu.

Nikaitazama ile picha. Mafunjo. Haya haya mafunjo tunayoyapangua tukienda kuogelea, ambayo bibi yangu alikuwa anasukia majamvi! Kumbe kule baridi ikianza wanayaingiza ndani maana barafu inayaua, yaani funjo linakaa sebuleni linaangalia taarifa ya habari. Nikakaza uso, nikamwambia mama, hiki kitu kukipata siyo rahisi ila kwa ajili yako nitahangaika. Tukaelewana bei, bei nzuri tu, sitaitaja hapa kwa sababu kuna watu wananidai.

Nikaenda zangu upande wa Nyegezi nikawakuta vijana wa mitumbwi, nikawaambia nataka mafunjo na mizizi yake. Ya nini? Ya kupanda. Walicheka mpaka mmoja akakaa chini, halafu walipomaliza kucheka wakanitajia bei, binadamu bwana. Wakaingia na panga wakakata kipande cha lile shina nene linalotambaa chini, lote na tope lake, wakalisokomeza kwenye kiroba likiwa linachuruzika. Mmoja akauliza tukuoshee? Nikakataa. Mimi ni fundi, najua mmea ukihama na udongo wake haushtuki, na hilo hata leo nasimama nalo.

Sasa usafiri. Kitaalamu mabua ungeyakata mafupi tu, mapya yanachipua kutoka chini, na bua likishafungua kile kichwa chake halina urefu mwingine wa kuongeza. Lakini mteja analipia urefu! Kwa hiyo nikapanda boda nimeyakumbatia yote, yananizidi mimi na dereva tukipandana, na bua la funjo lina pembe tatu, likikuchoma ubavuni unazijua zote. Tulipofika Mkuyuni daladala ikatupita karibu, yale manywele yakamfagia konda usoni kuanzia kidevu mpaka kofia, kofia ikabaki barabarani. Matusi niliyotukanwa mengine sikuwahi kuyasikia na mimi nimekulia Igogo.

Kupanda nilipanda vizuri, mtu asije akasema. Beseni kubwa nililolitoboa, udongo mzito wa mfinyanzi, mawe chini kwa sababu upepo wa ziwa jioni unaangusha kitu chochote kirefu, kokoto juu ili udongo usichafue maji, halafu nikalizamisha pembeni panapopigwa jua siku nzima, maji yakifunika beseni kidogo tu. Likakaa. Mama akapiga picha akamtumia binti yake, binti akajibu wow, nami nikalipwa nusu.

Mle bwawani kulikuwa na samaki wa rangi, wale wekundu, wametoka Dar kwa ndege kwenye mifuko ya oksijeni, mimi mwenyewe sijawahi kupanda ndege. Basi wakaanza kupungua. Akasingiziwa paka, paka akafukuzwa. Akasingiziwa ndege mdiria, pakafungwa wavu. Bado wanapungua. Mlinzi, mzee mmoja wa Ukerewe, akaanza kutazamwa kwa jicho la pembeni kila akionekana anapika ugali, na yule mzee ni mtu mwenye heshima zake, iliniuma kweli.

Halafu likaja la usiku. Mama akanipigia saa nane usiku, anaongea kwa kunong'ona, fundi, kwenye bwawa kuna mtu anahema. Nikasema shikamoo mama, mtu gani? Anahema, kimya kidogo, anahema tena! Ameshamwita mchungaji. Nikafika na boda namkuta mchungaji yuko ndani ya gari, vioo juu, anakemea kwa mbali.

Nikawasha tochi ya simu. Kimya. Mara yale maji kwenye mafunjo yakafunguka, pua ikachomoza, hwaaa, ikavuta hewa kama mzee aliyepanda ngazi, ikazama. Nikapitisha mpini wa fagio kwenye mizizi, kitu kikaung'ata na hakiachii, navuta navutwa, kikatokeza kichwa cha kijivu na mwili mrefu unaoteleza. Nikapiga yowe la NYOKA, mama naye yowe, mchungaji akawasha gari.

Yule mzee wa Ukerewe akaja taratibu na ndoo. Akainama, akatazama, akanitazama mimi.

"Mwanangu, we si mtu wa ziwani? Kamongo huyo."

Kamongo! Samaki mwenye mapafu, akikosa kuja juu kuvuta hewa anakufa maji humo humo majini, na watoto wake ndipo wanapojificha, kwenye mizizi ya mafunjo. Alisafiri na sisi kwenye kiroba, kapita Mkuyuni, kasikia matusi yote ya konda, kafika Capri Point kakuta chakula kilicholetwa kwa ndege. Kanenepa huyo!

Mama alitaka arudishwe ziwani. Mzee akasema sawa mama, akaondoka na ndoo, ila mimi nilimwona alikoelekea, na ziwa haliko nyuma ya jiko.

Nusu yangu iliyobaki ilikatwa kulipia wale samaki wekundu, nikabaki na deni juu. Mafunjo yenyewe yamestawi ajabu, kazi ni kukata tu mabua yaliyokauka. Tatizo ni mzee, kila wiki ananipigia: "Fundi, haya mafunjo naona yamezeeka, lete mengine. Na usiyaoshe."