Shati langu la BTP na chupa ya ayodini

Aisee wale mliowahi kwenda BTP, yale mazoezi ya kufundisha ya chuo, mnajua, siku za mwanzo hufundishi, unakaa nyuma ya darasa na daftari lako unamwangalia mwenye kipindi anavyofanya, na ukishakaa hapo unajiona mkaguzi kabisa. Mi nilipangiwa shule moja ya kata hapa Moshi, sitaitaja, Baiolojia kidato cha pili, na mwenye kipindi alikuwa madam mmoja mtu mzima, mpole, anaongea taratibu mpaka unadhani kasahau alichotaka kusema. Kumbe.

Sasa tetesi zikaenea kwamba asesa wa chuo yuko mjini anazungukia shule. Nikampelekea mama mwenye nyumba wangu kule Pasua shati langu jeupe, nililichambua mwenyewe Memorial kwenye mtumba, nkamwambia mama naomba linyooke, kesho naweza kukaguliwa. Yule mama kwenye nguo hana masihara. Akakoroga unga wa muhogo kwenye maji ya moto, kauji kepesi, akalichovya lote, akalianika, akalipiga pasi ya mkaa. Asubuhi nakuta shati linasimama lenyewe. Kola inanikwaruza masikio, nikiinua mkono linalia kama bahasha ya kaki. Ila kupendeza nilipendeza, hilo sibishi.

Kipindi chenyewe cha maabara, kupima vyakula. Maabara ni chumba kama vyumba vingine, tofauti yake ina sinki lisilo na maji, na jiko la mchina la mafuta ya taa lina sufuria ya maji inachemka ya kupashia testi tyubu za Benedict, kile kipimo cha sukari. Ayodini iko kwenye chupa ya zamani ya dawa ya kikohozi, imebandikwa plasta na kuandikwa kwa peni.

Nikachungulia daftari la kijana aliyekuwa karibu yangu. Hajapima kitu, dropa hajaigusa, lakini jedwali lake limejaa hadi mstari wa mwisho: kahawia imegeuka bluu-nyeusi, wanga upo. Maji yanachemka nyuzi 100. Madam akapita na kipimajoto akamwambia hebu soma, kijana akasoma 97, akakitikisa kama cha hospitali, akasoma tena 97, akasema madam hiki kibovu. Madam akamjibu kibovu ni daftari lako, sisi hapa tuko kama mita 900 juu ya bahari, mgandamizo wa hewa umepungua kwa hiyo maji yanachemka mapema, nenda kachemshie pale Uhuru Peak, mita 5,895, uone kama yatafika hata 85. Na mi huko nyuma naandika kwa mwandiko mzuri kabisa "mwalimu anatumia mazingira", natikisa kichwa kama mtu mwenye mshahara.

Mbele yangu kuna binti anahangaika na dropa, mpira wake umechoka, akibonyeza haitoi, akibonyeza haitoi, akaamua kuibonyeza kwa hasira huku amegeuka kuniuliza kitu. Yote ikaja kifuani kwangu. Nikaona matone ya kahawia, nkataka kusema ah hamna shida, sijafika hata kwenye "hamna", doa likawa bluu, likawa jeusi tii, likaanza kutambaa kufuata mfuko wa shati. Binti kaziba mdomo kwa mikono miwili. "Ticha samahani! Ticha inauma?"

Madam hakuuliza nani kafanya. Akaja kwa ule mwendo wake, akavaa miwani, akaliinamia shati, akageukia darasa. "Ayodini ni kahawia. Kwa nini ticha kawa bluu-nyeusi?"

Jamani. Darasa zima lina jibu kwenye daftari, limeandikwa, limepigiwa mstari kwa rula, na kimya. Mmoja akajaribu, "Madam ni jasho." Mwingine, "Kala ugali akajifutia." Nikafungua mdomo nijitetee, madam akaninyooshea kidole, "Sampuli haiongei."

Ndo kijana mmoja wa dirishani, mama yake anafua nguo za watu, akasema, "Madam, ticha kapiga stachi, na stachi ni wanga."

"Utathibitishaje?"

"Tumdondoshee kwenye tai, tai haipigwi stachi."

Wakanidondoshea. Tai ya polista ikabaki na ukahawia wake. Darasa likapiga kelele utasema goli. Kuanzia hapo nikawa mali ya umma, huyu anataka kola, huyu anataka soksi, yule wa nyuzi 100 kafuta jedwali lake lote anauliza, "Ticha singlendi je, imepigwa?" Foleni imefika mlangoni.

Madam akasema haya, mfuko nikiuchovya kwenye maji ya moto itakuwaje, andikeni kwanza unavyodhani. Nikavua shati nikaazimwa labkoti yake, inaniishia kwenye kiuno. Akachovya, bluu ikapotea! Makofi. Nikalikamua nikalivaa hivyo hivyo la moto, nafsi imetulia, na hapo hapo mlango ukafunguliwa, asesa huyo na koti na faili.

Nikasimama kumsalimia kwa heshima zote, naona darasa hawamwangalii yeye, wanaangalia kifua changu. "Inarudi! Inarudi!" Asesa akageuka nyuma kuangalia nini kinarudi. Bluu inapanda polepole, safari hii imetanuka mpaka kwenye kifungo. Madam wala hana haraka, anaeleza: ayodini inajipanga ndani ya koili za wanga ndo tunaona bluu, ukipasha moto koili zinalegea inachomoka, ikipoa inajirudia ndani. Akanigeukia, "Ticha, endelea kupoa."

Kisha akaenda dawati la katikati, akanyoosha mkono bila hata kuangalia, "Lete hilo limau unalofyonza kwa chumvi tangu asubuhi." Binti akalitoa chini ya meza na karatasi yake ya chumvi. Madam akanikamulia kifuani, doa likafifia mpaka likaisha. Vitamini C, anasema, inaigeuza ayodini kuwa ayodaidi, na ayodaidi haina rangi. Sasa hivi hata wa nyuma wamesimama juu ya stuli kuona.

Asesa anaandika mpaka peni inakaribia kutoboa faili. Hakumwona kijana wa dirishani anamsogelea na dropa imejaa.

"Shikamoo mwalimu. Tunaomba na wewe tukupime."

Asesa akafunga koti vifungo vyote, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa mlango. "Marahaba, hapana, mimi langu ni polista."

Darasa zima, kwa pamoja: "Utathibitishaje?"