Taarifa ya Habari ya Saa Mbili

Kwetu Tanga, ikikaribia saa mbili usiku mazungumzo yalikufa yenyewe. Mama aliweka pembeni ungo wa mchele wa kesho, na sisi watoto tulijua kwamba mpaka hali ya hewa isomwe, hakuna kukatiza mbele ya televisheni. Leo naishi Coventry, Uingereza. Wakati wa baridi huku tuko nyuma ya Tanzania kwa saa tatu, kwa hiyo taarifa ileile inanikuta saa kumi na moja jioni, nimetoka kazini, nje giza limeshaingia. Nampigia mama, tunatazama pamoja. Matangazo yake yanatangulia yangu kwa kama nusu dakika. Huniuliza, "Umemwona huyo waziri?" nami namjibu, "Bado, mama, anakuja."

Huambiwa kwamba siku hizi kila kitu kimo YouTube, sasa televisheni ya nyumbani ya nini? Kweli, vipande vimo. Lakini kipande nakitazama peke yangu, kesho yake, baada ya watu wote kulizungumza jambo likaisha. Matangazo mubashara yananiweka sebuleni na mama. Yananiletea na yale nisiyoyatafuta: tangazo la sabuni, mkutano wa wakulima wa korosho, kwaya ya mkoa ambao sijawahi kufika. Binti yangu ana miaka saba, amezaliwa hukuhuku. Siku moja aliniuliza vuli ni nini. Alilipata neno hilo kwenye utabiri wa hali ya hewa, akiwa amekaa chini na daftari lake la kuchora, wakati mtangazaji anaitaja mikoa mmoja baada ya mwingine. Nisingekumbuka kumfundisha. Angelitoa wapi Mwingereza mdogo neno vuli?

Kwa hiyo jambo hili nalichukulia kwa uzito, na ndiyo maana nataka tuseme ukweli kuhusu yale maboksi.

Wengi wetu tunayajua. Unatambulishwa kwa mtu, unamlipa ya mwaka mzima, unapewa kiboksi cheusi cha kuchomeka nyuma ya televisheni, ndani yake mna chaneli za Tanzania, Kenya, Uganda na za Uarabuni, mamia kwa mamia. Aliyezirusha upya hakumwomba mtu ruhusa. Dishi nalo huku halifui dafu, maana setilaiti zinazobeba chaneli nyingi za kwetu zimeelekezewa Afrika. Nami nilinunua boksi.

Usiku wa tarehe 17 Machi 2021 mama alinipigia, sauti imebadilika, akaniambia washa. Nikawasha. Kwenye kioo kikatokea kile kiduara, kikazunguka, kikazunguka. Nikazima, nikawasha tena, kiduara kilekile. Mwishowe mama aliisogeza simu karibu na televisheni yake, na hivyo ndivyo nilivyomsikia Makamu wa Rais, Samia Suluhu Hassan, akilitangazia taifa kifo cha Rais Magufuli: kupitia spika ya simu, nimesimama katikati ya sebule na rimoti mkononi. Miezi michache baadaye boksi likafa kabisa. Namba ya aliyeniuzia haikupatikana tena, na sikuwa na pa kushtaki, kwa kuwa nilikuwa nimenunua kitu cha wizi.

Ndiyo, wizi. Mkataba wa haki za matangazo ya Ligi Kuu Tanzania Bara uliosainiwa mwaka 2021 ulikuwa wa zaidi ya shilingi bilioni 225 kwa miaka 10. Fedha hizo ndizo zinazoingia kwenye vilabu. Anayechota matangazo hayo na kuyauza kwa boksi hachangii hata senti, na mimi niliyemlipa sikuisaidia klabu yoyote.

Lakini nani ametuachia njia iliyo halali? Nimewahi kufungua matangazo ya kituo kimoja cha nyumbani kwenye intaneti nikaambiwa hayapatikani katika nchi niliyopo. Sababu naielewa. Kituo kikinunua tamthilia ya nje, au mechi za ligi za Ulaya, hununua haki ya kuonyesha ndani ya mipaka yake tu. Kuonyesha nje ni kuvunja mkataba, na kuifunga chaneli nzima ni rahisi kuliko kukifunga kipindi kimoja kimoja. Hapo ndipo ninapopinga. Taarifa ya habari ni mali ya kituo chenyewe. Mijadala, vipindi vya kilimo na afya, taarabu iliyorekodiwa studio kwao, vyote ni vyao. Wafunge tamthilia, waweke picha ya kusubiri kwa saa nzima, sitalalamika. Ila saa mbili usiku wafungue.

Ureno, nchi yenye watu wengi ughaibuni, ilianzisha RTP Internacional mwaka 1992, chaneli ya umma kwa ajili ya walio nje. Wao hawakungoja intaneti. Sisi tunayo, na kamera za studio zinawaka kila usiku hata hivyo. Wala siombi bure. Huku sheria inataka leseni ya televisheni kwa anayetazama matangazo yoyote mubashara, hata ya chaneli ya nje. Mwaka 2025 ilikuwa pauni 174.50, na nililipa. Kituo cha nyumbani kikinitajia bei yake ya mwezi, nitailipa vilevile, na ninawajua wengi ambao wangelipa siku hiyohiyo.

Kwa sasa nategemea matangazo ambayo baadhi ya vituo vyenyewe huyaweka wazi mtandaoni. Wiki jana yalikatika katikati ya taarifa. Binti yangu alikuwa amekaa na daftari lake. Nikamwomba mama atusogezee simu, naye akaisogeza, tukasikiliza hali ya hewa hadi mwisho: upepo, mawimbi, mikoa ya Lindi na Mtwara. Binti yangu akauliza kama kwa bibi kutanyesha. Mama akamjibu mwenyewe, "Kesho, mjukuu wangu, jioni."