Presha Tunapima, Kuinuka Je?

Mama yangu ana miaka 72 na kila mwezi nampeleka kliniki. Tunapita dirisha la wazee, anapimwa presha, anatobolewa kidole cha sukari, anaandikiwa dawa zilezile, tunapanda bajaji kurudi Tandika. Miaka mitatu sasa, sijasikia mtu akimwambia, "Bibi, hebu inuka hapo bila kujishika." Na kilichomwangusha mwaka juzi hakikuwa presha wala sukari. Alichuchumaa chooni, miguu ikagoma kumwinua, akalala ubavu.

Kipimo chenyewe hakina gharama. Unataka kiti kisicho na mikono, kimo sentimita 43 hivi, kiegemee ukuta kisiteleze. Mzee anakaa, nyayo chini, mikono ameikunja kifuani. Ndani ya sekunde 30 anasimama wima, anakaa, anasimama tena, wewe unahesabu. Mwanamke wa miaka 70 hadi 74 asipofika mara 10, miguu imepungua nguvu na yuko hatarini kuanguka; mwanamume wa umri huo, asipofika 12. Kipimo kingine kilielezwa na watafiti Podsiadlo na Richardson mwaka 1991: anainuka kitini, anatembea mita tatu kwa mwendo wake wa kawaida, anageuka, anarudi kukaa. Akitumia sekunde 12 au zaidi, ana haja ya kuangaliwa. Hakuna mashine hapo. Ni simu yenye saa na mtu mwenye dakika tano.

Mtaniambia hizo dakika tano ndizo hazipo. Foleni naiona, na nesi mmoja ana watu sabini. Lakini wazee haohao wanakaa kwenye mabenchi asubuhi nzima wakisubiri kuitwa. Benchi lipo, mzee yupo, muda upo. Kinachokosekana ni mtu wa kusema "haya, moja."

Jumamosi moja niliamua kufanya mwenyewe, uani. Viti vyetu ni vile vya plastiki vyenye mikono, nikaazima cha mbao kwa fundi cherehani wa jirani. Mama akakaza khanga, akacheka: "Unanipeleka jeshini?" Nikasema anza. Papo hapo akabana magoti kwa viganja, akajisukuma juu.

"Mama, ukitumia mikono sheria inasema sifuri."

"Sifuri? Nimekuzaa wewe uje unipe sifuri?"

Akarudia, safari hii mikono kifuani. Kiuno kikaachana na kiti kidogo tu, kikarudi. Akaacha kucheka, na mimi nikaacha.

Nilivyofikiria usiku ule, niliona nyumba nzima tuna mkono kwenye ile sifuri. Alipoanguka tulimpenda vibaya. Ndoo tukamnyang'anya, ufagio akapewa dada, na mbuzi ya nazi, kwa kuwa ni fupi, tukaisukumia uvunguni. "Mama, pumzika." Akiingia mgeni naye akitaka kunyanyuka, tunapiga kelele sote: usiinuke, usiinuke! Ndiyo adabu tuliyolelewa nayo, na sioni aibu kwa hilo. Lakini huyu ni mtu aliyekuwa akikuna nazi mbili kwa siku, anashuka kwenye mbuzi na kuinuka, anasahau kawa anashuka tena. Tukamkalisha mwaka na nusu kwenye kochi linalodidimia, halafu tukashangaa magoti.

Kiti nacho hakisemi yote. Vipimo hivi vimetungwa kwa watu wanaoishi juu ya viti. Wazee wetu wanakula mkekani, wanasujudu, wanachuchumaa, wanapanda daladala ambayo konda keshagonga bati mguu mmoja ungali barabarani. (Basi la mwendokasi lina nafuu, sakafu yake inalingana na jukwaa la kituo, kazi ni kuifikia hiyo nafasi ya kuingia.) Kule Hai, Kilimanjaro, watafiti walishatunga dodoso la shughuli za kila siku linaloendana na maisha ya wazee wa pale, kwa ajili ya kuchunguza ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Kwa nini Dar tusiwe na letu la miguu? Kuinuka mkekani bila kushikwa kwangu mimi kungekuwa swali la kwanza.

Mwenye maumivu ya kifua au kizunguzungu usimpime uani, mpeleke kwa daktari. Na hata aliye mzima, simama karibu naye.

Mtaalamu wa fiziotherapia alitushauri tuanze na kiti kirefu: mito miwili juu yake, asimame na kukaa asubuhi na jioni, akizoea tuondoe mmoja. Mbuzi nikaitoa uvunguni mwenyewe. Dada alinuna wiki ya kwanza, akidhani kazi yake imeingiliwa.

Jumamosi iliyopita nikaazima tena kiti cha fundi. Hakuna mto. Mikono kifuani, mama anahema, mimi nahesabu: saba, nane, tisa. Simu ikalia akiwa hewani, magoti yanakaribia kunyooka.

"Na hiyo je?"

Sheria inasema akiwa amevuka nusu ya kusimama, inahesabika.

"Kumi, mama."

"Andika," akasema, akijishusha taratibu. "Na ile sifuri yako uifute."