Nimekaripiwa kwa ajili ya kichupa kimoja

Ijumaa jioni, nimeshavaa koti, mama wa maabara akaniita. Huku Heidelberg mama huyu anaogopwa kuliko profesa. Mkononi ana kichupa cha plastiki, kidogo kama kidole cha mtoto. Nilikiweka kwenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri bila kukiandika daftarini. Kichupa kimoja! Akasema kwa ule upole wao unaochoma kuliko tusi: "Kisichoandikwa hakipo." Nikavua koti. Nikaandika tarehe, namba, aina ya mbu, kakamatwa wapi, kakamatwa na nani. Tramu ikaniacha.

Nilinuna njia nzima. Nilipofika kwenye daraja la mto Neckar nikajikuta nacheka peke yangu, maana Jumanne ya wiki hiyohiyo nilikuwa nimeona kwa macho daftari linazaa nini.

Nilikuwa na protini ya mbu. Protini ni mnyororo tu, unaweza kuuandika kwa herufi kama jina refu la Kimalagasi, lakini kazi yake inategemea umejikunja vipi. Zamani, kulijua umbo hilo, mwanafunzi alikuza fuwele, akazipiga eksirei, na miaka mitatu minne ikakatika. Fuwele zikigoma kukua, basi, na shahada imegoma. Mimi nilibandika herufi zangu kwenye AlphaFold, modeli ya akili mnemba inayotabiri umbo la protini, nikaenda kuchemsha chai ya tangawizi. Niliporudi umbo linazunguka kwenye skrini. Sehemu ambazo modeli inaziamini zimepakwa buluu. Sehemu inazobahatisha zina rangi ya machungwa, zimening'inia kama tambi. Nakiri niliipenda hiyo rangi ya machungwa kuliko buluu. Nimefanya kazi nyumbani chini ya wakubwa wangapi, na sikumbuki hata mmoja aliyewahi kusema "hapa sina hakika".

Na si mchezo wa skrini tu. Oxford, kikundi cha Matthew Higgins kilikuwa kinahangaika na protini moja ya kimelea cha malaria, Pfs48/45, inayotafutiwa chanjo ya kukizuia kimelea kisiendelee kukua tumboni mwa mbu. Picha za eksirei zilikuwa hazionyeshi vizuri. Walipoziweka pamoja na utabiri wa AlphaFold, umbo likaeleweka. Malaria hiyo ni ya kwetu, si ya Oxford.

Sasa nyumbani Tanzania kila kona ni akili mnemba. Warsha hotelini, fulana, kofia, posho ya nauli, bango limeandikwa Afrika isiachwe nyuma. Nimezitazama picha zote mlizonitumia. Mnazungumzia modeli. Ilichokula modeli hakuna anayekitaja.

AlphaFold haikudondoka kama embe dodo. Ndiyo, ilitengenezwa London, kwenye kampuni ya DeepMind ya Google, na Demis Hassabis na John Jumper wakagawana Nobeli ya Kemia ya 2024 na David Baker. Lakini chakula chake kilikuwa ghala moja linaloitwa Protein Data Bank, lililofunguliwa 1971 likiwa na maumbo 7. Saba! AlphaFold iliyotikisa dunia mwaka 2020 ilifundishwa kwa maumbo 170,000 hivi. Katikati hapo kuna nusu karne ya watu waliovua koti Ijumaa jioni wakarudi kuandika. Halafu 2022 modeli ikarudisha hisani: maumbo zaidi ya milioni 200, yamewekwa wazi na kituo cha Hinxton, Uingereza, unapakua bure hata ukiwa Mbagala, bando likikutosha.

Najua yanayokuja. "Ameanza huyo. Miaka minne Ulaya, sasa anatufundisha kuandika daftari." Jamani, mimi si mgeni. Nimefagia maabara ya kwetu kabla sijaruhusiwa kushika kifaa. Kulikuwa na kabati la chuma ukutani, ndani yake madaftari ya mbu waliokamatwa vijijini tangu sijazaliwa, kila usiku, kila nyumba, kwa mwandiko wa wino wa buluu uliosimama kama gwaride. Kazi ya babu zetu hiyo, na nilijivunia kuishika. Kabati ni la chuma, lakini mchwa walipitia chini. Nusu ya kurasa zikawa vumbi. Data za baadaye ziliingizwa kwenye kompyuta ya mradi, mradi ukaisha, kompyuta ikaondoka na mkuu wa mradi. Nikiuliza nilijibiwa kwamba ziko kwenye flashi. Flashi ya nani? Kimya.

Wala sisemi wazungu wamezaliwa na daftari mkononi. Miaka ya 1980 wanasayansi hawahawa walikuwa wachoyo wa maumbo yao ya protini. Mtu anachapisha makala, namba zenyewe kazikalia. Wenzao wakalalamika, wakaandikiana, mwishowe majarida yakaanza kukataa makala ya asiyeweka data ghalani. Walilazimishwa! Kwa hiyo msiniambie ni utamaduni wao. Utamaduni wetu upi? Duka la mjomba wangu Tanga, juu ya kaunta, kulikuwa na kibao: Mali bila daftari hupotea bila habari. Mjomba hakufika kidato cha pili, na deni la sabuni la 1998 alikuonyesha ukurasa.

Na tukiamua tunaweza. Nuru, ile programu ya simu inayotazama jani la muhogo na kukuambia kama ni batobato au michirizi ya kahawia, ilitokana na picha zisizofika 3,000 zilizopigwa shambani Tanzania. Ziliwatosha kwa sababu hawakuanza sifuri. Walichukua modeli iliyokwisha kusomeshwa kwa picha za kila kitu, mbwa, magari, vikombe, wakaifundisha mihogo tu. Ndiyo maana ya hizi modeli kubwa: mwanafunzi anakuja kwako amemaliza shule, wewe unamfundisha kazi ya kwako. Lakini kila picha ilikuwa na mtaalamu aliyeandika jani hili lina ugonjwa gani. Daftari tena.

Kuna mwingine namsikia, na huyu namheshimu: "Tukiweka wazi, watachukua bure, watupikie, watuuzie." Kaka, una haki. Nimeziona sampuli zikipanda ndege kwenye maboksi ya barafu, na majina yetu yakirudi katikati ya orodha ya waandishi, pale pasiposomwa. Hata AlphaFold 3 ilipotoka Mei 2024 ilikuja bila msimbo wake, yaani maandishi yanayoiendesha programu, wanasayansi wakapiga kelele, ukatolewa Novemba, na kwa biashara haukuruhusiwa. Kwa hiyo weka masharti, weka mkataba, weka ghala lenyewe Dodoma ukitaka. Ila mchwa hana mkataba na mtu. Daftari alilolila hujamnyima mzungu, umemnyima mwanao.

"Serikali haina hela." Ya friza sawa, na umeme ukikatika nayo inageuka kabati la kawaida, hilo sibishani. Lakini kaunta buku moja na mtu wa kukaripia Ijumaa jioni, hiyo hela gani?

Jumamosi nilimwandikia dada niliyefanya naye kazi kule. Nikamwomba apige picha kurasa zilizobaki, moja moja, kwa simu, bando nitatuma mimi. Akajibu kwa sauti, anacheka: "Mdogo wangu, nitapiga hata leo. Ila kabati lilipewa kufuli jipya baada ya wewe kuondoka. Ufunguo anao mzee, na mzee kastaafu, yuko Handeni." Nimetuma nauli ya kwenda na kurudi. Ameniomba niongeze kidogo, maana mzee hawezi kufuatwa mikono mitupu.