Hofu kwa Tiketi: Nani Amekubali Kutishwa?

Kuanzia mwishoni mwa Septemba hadi usiku wa Halloween, sikukuu ya vitisho ya tarehe 31 Oktoba, watu wengi nchini Marekani hulipa fedha zao ili wakimbizwe gizani na mtu aliyepakwa damu bandia. Kwa msomaji aliyelelewa pwani, ambako jini ni kiumbe anayeombewa kinga na si kikaragosi cha kuchezewa, biashara hii ya majumba ya kutisha yaweza kuonekana upuuzi mtupu. Sikubaliani na hukumu hiyo, kwa sababu kazi yenyewe ina ufundi mkubwa na furaha ya wageni ni ya kweli. Kinachohitaji kupimwa ni ridhaa: ni nani hasa anayepaswa kukubali kabla taa hazijazimwa, na je, kukubali huko kunafika wapi?

Tuanze na ufundi, maana wakosoaji wengi huuruka. Mbunifu mzuri huanza kwa kuliibia jicho la mgeni: sanamu hutikisika upande wa kushoto, macho yote yakageukia huko, na papo hapo kidirisha kikafunguka kulia na mwigizaji akachomoza. Kanuni nyingine inayojulikana na kila aliyefanya kazi humo ni kwamba kundi halitishwi kutoka mbele, kwani litarudi nyuma na kugongana na kundi linalofuata; hutishwa kutoka nyuma au ubavuni ili likimbilie mbele na njia ibaki wazi. Hivyo kitisho kinachoonekana kuwa fujo tupu kumbe ndicho kinachoongoza mwendo wa watu jengo zima.

Wapo wanaoamini kwamba kadiri hofu inavyozidi ndivyo fedha ya mgeni inavyokuwa imelipwa haki yake. Utafiti uliofanyika katika jumba la Dystopia mjini Vejle, Denmark, na kuchapishwa mwaka 2020, unapinga imani hiyo. Watafiti waliwafunga wageni 110 vifaa vya kupima mapigo ya moyo, wakawarekodi kwa kamera, kisha wakawauliza waliogopa kiasi gani na walifurahia kiasi gani. Furaha ilipanda pamoja na hofu hadi kufikia kiwango fulani, na hofu ilipozidi hapo furaha ikaanza kushuka. Hoja hii inawagusa wenye majumba makali kupita kiasi, yale ambayo mgeni hufungwa kamba au kumwagiwa uchafu baada ya kutia saini hati ya kukubali hatari. Utetezi wao ni kwamba mtu mzima aliyeonywa ana haki ya kuchagua mateso yake, na sina hakika kwamba sheria inapaswa kumzuia. Ila wasidai kwamba wanauza burudani ile ile kwa kipimo kikubwa zaidi.

Na ridhaa ya kununua tiketi tu ina uzito gani? Mwaka 2015 mahakama ya rufaa ya California iliamua kesi ya mgeni aliyeumia kifundo cha mkono katika njia ya kutisha iliyoandaliwa kwenye bustani ya Balboa Park, San Diego. Alikuwa amepita mahali alipodhani ndipo mwisho wa mchezo, ghafla akatokea mwigizaji mwenye msumeno wa injini uliotolewa mnyororo. Akatimua mbio, akaanguka. Alisema kwamba kutishwa baada ya kuaminishwa kuwa mambo yamekwisha ni hila. Mahakama ikajibu kwamba kushtuka, kukimbia na kuanguka ni hatari zilizomo ndani ya burudani aliyoinunua. Naona uamuzi huo una busara, kwani mwisho wa uongo ni sehemu ya ufundi, na anayeingia kutafuta mshtuko hawezi kulalamika kwamba ameshtuliwa.

Hata hivyo, ridhaa ya mgeni inaishia kwenye yale anayoweza kuyafikiria. Tarehe 11 Mei 1984, jumba lililoitwa Haunted Castle katika bustani ya burudani ya Six Flags Great Adventure, New Jersey, liliteketea na vijana wanane wakafa. Jumba hilo lilikuwa limeundwa kwa matela yaliyounganishwa, na halikuwa na vinyunyizio vya maji wala vitambua moshi. Ilielezwa kwamba kijana mmoja aliwasha kiberiti cha gesi ili apate kuona njia, na moto ukashika sponji iliyobandikwa ukutani. Wazimamoto waliopekua mabaki mwanzoni walidhani miili waliyoikuta ni masanamu ya maonyesho. Kampuni ilishtakiwa kwa jinai, na mwaka 1985 baraza la mahakama likaiachia huru.

Baada ya hapo kanuni za usalama wa moto za Marekani zilikazwa kwa majengo ya aina hii: vinyunyizio vinatakiwa, na moshi unapotambuliwa taa lazima ziongezeke huku sauti na maono yanayochanganya watu yakikoma. Wapo waliolalamika, na wangali wapo, hasa vikundi vya kujitolea vinavyochangisha fedha za hisani kwa jumba la wiki chache, kwamba gharama hizi zinawaua na kwamba kibao chekundu cha mlango wa kutokea kinaharibu giza. Kuhusu gharama wana hoja. Kuhusu giza hawana, kwa kuwa mgeni huogopa vizuri pale tu anapoamini kwamba hatari si ya kweli, na anayeifanya imani hiyo iwe ya haki ni mwenye jengo.

Waigizaji nao hawatajwi sana. Hupiga kelele saa nyingi, na mara kwa mara hupigwa ngumi na mgeni aliyejihami bila kukusudia. Angalau wao wanajua walichokubali. Gereza la zamani la Eastern State mjini Philadelphia, jimbo la Pennsylvania, lililofunguliwa mwaka 1829, kufungwa mwaka 1971 na baadaye kufanyiwa maonyesho ya kutisha, lilipata njia ya kupendeza: mgeni aliyetaka kuguswa alivaa alama inayong'aa, na asiyetaka aliachwa.

Ridhaa ngumu zaidi ni ya wale wanaoigizwa. Katika jimbo hilo hilo la Pennsylvania, karibu na Spring City, ipo Pennhurst, taasisi ya serikali iliyofunguliwa mwaka 1908 ili kuwatenga watu wenye ulemavu wa akili na wenye kifafa. Mwaka 1968 mwandishi wa televisheni Bill Baldini aliwaonyesha watazamaji wakazi waliofungwa vitandani na kutelekezwa. Mwaka 1977 jaji wa shirikisho alikuta kwamba haki zao zilikuwa zimevunjwa. Mwaka 1987 milango ikafungwa. Mwaka 2010 majengo yakafunguliwa tena kama jumba la kutisha, na hadithi yake ni ya hospitali ya vichaa. Watetezi wa watu wenye ulemavu walipinga tangu mwanzo.

Upande wa wenye jumba haukosi hoja. Majengo yalikuwa yametelekezwa na kuharibiwa na wahuni, wahusika wa hadithi ni wa kubuni, na tiketi huleta fedha ambazo hazikuwa zikitoka kwingine. Hata Eastern State ilitegemea maonyesho yake ya kutisha tangu mwaka 1991 ili kulitunza gereza, kabla ya kuyageuza mwaka 2021 kuwa tamasha liitwalo Halloween Nights.

Lakini tofauti ipo, nayo ni nani anayefanywa zimwi. Pennhurst ya kubuni humtaka mgeni amwogope mgonjwa, yaani mtu yule yule ambaye katika historia ndiye aliyedhulumiwa, na jirani mwenye ulemavu kama huo angali hai na anaipita barabara ile ile. Kuendesha ziara za historia katika majengo hayo, kama inavyofanyika, hakulifuti jambo hilo. Korido zile zina giza na mwangwi wa kutosha kumtisha yeyote bila vazi la mgonjwa, na mbunifu anayeshindwa kuzitumia bila vazi hilo ana upungufu wa kazi kabla hata hatujafika kwenye maadili.