Mashine pepe na kumbukumbu ya pamoja: nakala inayolaumiwa ina kazi yake

Seva moja katika ofisi ya Kariakoo au Posta mara nyingi hubeba mashine pepe kadhaa, yaani kompyuta za kuigizwa na programu: mauzo, hifadhidata, ripoti. Mafundi huuliza, na wana haki ya kuuliza: kama zote zimo ndani ya RAM ileile, kwa nini data inakiliwe na kupita kwenye kadi ya mtandao ya kuigiza na daraja (swichi ya programu ndani ya seva), ndipo ifike upande wa pili? Ziwekewe kumbukumbu ya pamoja, yaani kipande cha RAM ambacho zote zinakisoma na kukiandika, kazi iishe.

Kwa kasi, hoja yao imesimama. Kwenye QEMU/KVM, mfumo wa kuendesha mashine pepe kwenye Linux, unatengeneza faili ndani ya /dev/shm (saraka inayokaa kwenye RAM), tuseme la MB 64, unaliunganisha kwa mpangilio wa share=on, na kila mashine pepe inaliona kama kifaa cha PCI kiitwacho ivshmem. Hakuna pakiti wala TCP. Kwa fremu za video zinazomiminika mfululizo, nafuu ni kubwa. Ila aina yake rahisi, ivshmem-plain, haina kengele ya kumjulisha msomaji kwamba data imefika. Msomaji hubaki akichungulia muda wote na kula CPU. Ukitaka kengele, unahamia aina ya ivshmem-doorbell na kuendesha programu ya ivshmem-server pembeni.

Kinachosahaulika ni kazi ya ile nakala inayoitwa hasara. Mashine A inaandika ujumbe na kutaja urefu wake: baiti 64. Programu ya B, yenye bafa (nafasi ya kupokelea data) ya baiti 256, inasoma namba hiyo na kuridhika. Inapofika kunakili inaisoma tena palepale, lakini A, ambayo imeshavamiwa, imeigeuza kuwa 4,096. Baiti 3,840 zinamwagika nje ya bafa. Ukuta wa moto haukuona kitu, maana hakuna kilichopita mtandaoni.

Umakini wa mwandishi peke yake hautoshi. Desemba 2015 mradi wa Xen, unaotengeneza hayapavaiza (programu inayoendesha mashine pepe), ulitoa tahadhari ya XSA-155: madereva (programu za kuendesha vifaa) yalikuwa na msimbo ambao kwa macho unasoma thamani mara moja, lakini kompaila, programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine, iliweza kuugeuza ukasoma mara mbili. Hao ni watu ambao hayapavaiza ndiyo kazi yao ya kila siku!

Ni kweli virtio, ile njia ya kadi ya kuigiza, nayo hutumia kumbukumbu ya pamoja, lakini ni kati ya mgeni (mashine pepe) na mwenyeji (seva inayoibeba), ambaye kwa kawaida tayari anaiona RAM yote. Jirani hupewa nakala, na aliyeituma hawezi kuibadilisha tena. Halafu kuna kuhamisha mashine pepe kwenda seva nyingine ikiwa hai: ivshmem isiyo na mpangilio wa master=on lazima ichomolewe kwanza.

Kwa mauzo na malipo ningebaki na virtio pamoja na kiharakishi chake, vhost, na kupima kwa iperf3, programu ya kupima kasi ya mtandao, kabla ya kuilaumu kasi. Kumbukumbu ya pamoja ningeiachia mashine mbili za mmiliki mmoja zenye mzigo kama wa video, na msomaji anayenakili kwanza kichwa cha ujumbe kwenye RAM yake binafsi, kwa READ_ONCE (inayoizuia kompaila kusoma thamani mara ya pili) ikiwa ni ndani ya kerneli, yaani kiini, ya Linux, kisha anaikagua nakala hiyo bila kurudi tena kwenye ile ya pamoja.