Hebu wapeni maiki wazee wa saundi

Majuzi nilialikwa kwenye sherehe moja hapa Kampala ya kuwapongeza ati "waliojenga filamu za Uganda", na nilitoka pale na hasira mpaka pilau nikaiacha kwenye sahani, na mnaonijua mnajua mimi na pilau. Walipanda jukwaani madairekta, wakapanda waigizaji, wakapanda makameramani, hata jamaa aliyekuwa anawakodishia magari akapewa cheti na picha akapigwa. Sasa nyuma kule, karibu na mlango, kuna mzee mmoja wa saundi ninayemjua, mtu wa kurekodi sauti za filamu, ameanza kushika bumu, ile fimbo ndefu yenye maiki, kabla nusu ya wale wa jukwaani hawajazaliwa. Aliitwa mara moja tu. Spika zilianza kupiga mluzi, MC akaita, "Mzee, hebu njoo utusaidie hapa." Mzee akaenda, akageuza spika moja kidogo, akamwambia MC asisimame mbele ya spika, akarudi kukaa. Basi, hiyo ndiyo tuzo yake, makofi tafadhali.

Nilimfuata nje tukangojea boda pamoja, na nakwambia ule muda mfupi ulikuwa na filamu ndani yake kuliko sherehe nzima. Enzi zake kazi ya nje ilikuwa Nagra, ile mashine ya tepu aliyoibuni Stefan Kudelski kule Uswisi, watu wa filamu dunia nzima wakaibeba begani miaka na miaka. Inakula mabetri makubwa ya tochi 12. Sasa fikiria uko Kabale, baridi ile ya Kabale, na mabetri yakipoa yanaishiwa nguvu upesi. Mzee anasema alikuwa analala nayo ndani ya blanketi, mabetri 12 pembeni kama watoto, na mke wake aliposikia hiyo stori alimuuliza mbona nyumbani yeye anamnyang'anya blanketi.

Halafu akaniambia kitu ambacho sijakisoma popote. Nchi yetu hii lugha ni nyingi, unatumwa leo Karamoja, kesho Kasese, unamrekodi bibi kizee anaongea na wewe huelewi hata neno moja, mkalimani naye ameenda kutafuta sigara. Nikamuuliza, sasa mzee unajuaje kama amemaliza? Akasema, "Kijana wangu, unasikiliza pumzi. Akimaliza maneno pumzi inashuka yote. Kama kaishikilia kidogo, bado ana jambo, na mara nyingi ndilo lenyewe. Hapo kameramani akitaka kuzima unamkanyaga mguu." Wallahi anamkanyaga mguu! Niambieni hiyo inafundishwa wapi. Vijana wetu wanajifunza saundi YouTube kutoka kwa mtu aliye kwenye chumba kimebandikwa sponji ukutani, halafu wanakuja kushuti Kisenyi, mtaa wa mabanda hapa Kampala, mvua inanyesha juu ya mabati na boda 20 zinapita, wanaanza kulia kwamba mashine ni mbovu. Kuna mtu alishatatua hilo tatizo lako kabla hujazaliwa ssebo, na anaishi stegi mbili kutoka kwako, na presha inamsumbua.

Ndiyo maana hii kitu inaniuma. Picha tumeanza kuziokoa. Zile negativu kama 70,000 zilizokutwa kwenye kabati pale UBC, shirika letu la utangazaji, nyingi za enzi za Amin, zilianza kusafishwa na kuwekwa kwenye kompyuta, na mwaka 2019 watu wakajazana Uganda Museum kuziangalia. Vizuri sana, nilienda na mimi. Na hata tepu za redio nasikia watu wanazishughulikia. Lakini tepu inakupa kilichosikika tu, haikwambii maiki ilifichwa wapi, nani aliambiwa azime jenereta akakataa, kwa nini mkubwa fulani alitaka hotuba irudiwe. Hayo yako kichwani mwa mtu, na kichwa cha mtu hakina kopi.

Wala si Uganda peke yake. Chukua ile African Queen ya John Huston, 1951, ambayo sehemu yake ilipigwa huku kwetu kwenye maporomoko ya Murchison. Kila mtu anajua Humphrey Bogart alikunywa wiski badala ya maji, wenzake wakaharisha yeye akabaki mzima. Katharine Hepburn aliandika kitabu kizima kuhusu safari hiyo. Haya, mko mtoni, boti ina injini inayokohoa, watu wawili wanaongea juu yake, hiyo sauti ilipatikanaje? Mshika bumu alikuwa Kevin McClory, na kama jina lake umewahi kulisikia ni kwa sababu baadaye alipelekana kortini na Ian Fleming juu ya James Bond, si kwa ajili ya bumu. Ila Waingereza, nakiri kwa shingo upande, toka miaka ya 80 wafanyakazi wa filamu wenyewe waliamua kuwakalisha wazee wao na kuwarekodi, mpaka wa saundi. Hawakungoja wizara.

Na tusiwasahau maVJ wa kwenye vibanda vya video, wale wanaotafsiri na kuchekesha filamu ikiendelea, maana yule anayeshusha sauti ya filamu ili aongee, halafu anaipandisha bunduki zikianza, ni nini kama si mchanganya sauti, tena laivu, bila kurudia? Filamu ya Wakaliga, mtaa wa hapa Kampala, iliyotupeleka duniani, ile ya Who Killed Captain Alex, toleo lake la kwanza halipo tena, lilifutwa kwenye kompyuta kutafuta nafasi ya filamu nyingine. Tuliyobaki nayo ni yenye sauti ya VJ Emmie juu yake. Mko hapo?

Najua mtakuja kuniambia haya si ya muhimu wakati hospitali hazina dawa. Sawa. Na ni kweli wazee wanatia chumvi, ukiwasikiliza wote utadhani kila mmoja alimvalisha Amin maiki kwa mkono wake. Warekodi na hiyo chumvi, tutachambua baadaye.

Simu yako inatosha. Zima feni, zima TV, mkalishe mbali na barabara, na usimuulize tuzo wala mastaa, muulize maiki aliiweka wapi. Mimi Jumamosi naenda Entebbe kwa mmoja. Ukijua mwingine, awe Mbale, Gulu, Jinja, mwenye hedifoni zake bado zimening'inia ukutani, niandikie hapo chini. Madairekta msinitumie, hao wameshaongea vya kutosha.